Maegesho ya Malori Vitongojini: Nani Mwenye Mamlaka ya Kuyazuia?

Masika yanapokatika na mpunga kuanza kuvunwa katika Bonde la Ziwa Rukwa, Kamsamba hupokea wageni wa aina mbili: wanunuzi wa mazao, na malori ya kubebea mazao hayo. Wanunuzi hulala katika nyumba za wageni. Malori hulala mbele ya nyumba za watu.

Hilo la pili ndilo linalozua ubishi kila msimu. Wapo wakazi wanaotaka malori yapigwe marufuku kabisa kuegeshwa kwenye njia za vitongoji. Hoja zao zinafahamika: mtoto akitoka nyuma ya lori, mwendesha bodaboda hamwoni mpaka amemfikia, gari la wagonjwa hukosa nafasi ya kupita, kingo za mitaro hubomolewa na matairi, na mvua zikirejea maji huingia uani. Wapo pia wanaoomba suala hili liachwe kama lilivyo. Hao ni mama lishe, wabeba mizigo, walinzi wa usiku, wenye maghala na wenye nyumba za wageni, ambao kwao lori lililoegeshwa ni kipato cha wiki. Hata mkulima hukasirikia lori mbele ya mlango wake asubuhi, kisha mchana akalitafuta lije karibu na ghala lake ili asilipie mkokoteni.

Makala haya yanaeleza sheria inasema nini, nani ana mamlaka juu ya njia ipi, na mwananchi anayetaka zuio, au anayelipinga, apitie wapi.

Ni vyema kuanza na kile kinachoharibika, kwa sababu uzito wa lori hauonekani kwa macho. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walifanya majaribio makubwa katika jimbo la Illinois, wakiendesha malori ya uzito mbalimbali kwenye vipande vya barabara usiku na mchana ili kuona vinachakaa kwa kasi gani. Walibaini kwamba uharibifu hauongezeki sambamba na uzito. Ekseli yenye uzito maradufu haiharibu barabara maradufu, bali takriban mara 16. Kwa hesabu hiyo, ekseli moja ya tani 10 huichosha barabara kama vile ekseli 10,000 za pikapu ndogo yenye tani moja kwa ekseli. Majaribio hayo yalifanyika kwenye lami na zege. Njia ya udongo ya kitongoji haina hata kinga hiyo, na ikiwa bado na unyevu wa masika, lori moja lililojaa mpunga huacha makorongo ambayo yatakaa hapo mpaka greda lije.

Kwa sababu hiyo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuhusu sheria moja ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Ukomo wa uzito wa lori na mzigo wake ni tani 56. Mizani zilizopo kwenye barabara kuu, kama ile ya Mpemba, zinasimamia sheria hiyo. Lakini hakuna mizani kwenye uchochoro wa kitongoji, na bomba la maji lililofukiwa kwa kina kifupi halijui kama lori lililosimama juu yake limezidisha uzito au halikuzidisha. Jumuiya za watumia maji zinazosimamiwa na RUWASA hutumia michango ya wananchi hao hao kuunganisha mabomba yaliyopasuka.

Barabara ni ya nani?

Swali hili huonekana dogo, lakini bila kulijibu mkutano unaweza kupoteza mchana mzima ukijadili njia ambayo hauna mamlaka nayo.

Barabara inayotoka Mlowo hadi Kamsamba, na kuvuka Daraja la Momba kwenda Kilyamatundu mkoani Rukwa, ni barabara ya mkoa na inasimamiwa na TANROADS. Kijiji hakiwezi kutunga amri ya maegesho juu yake. Hifadhi yake nayo inalindwa na Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007, iliyopanua eneo la hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Wengi wanaikumbuka sheria hiyo kwa alama za X zilizochorwa kwenye kuta za nyumba. Ina maana nyingine ambayo haisemwi sana: nafasi iliyo wazi kati ya barabara na baraza ya nyumba, hata kama mwenye nyumba ndiye anayeifagia kila siku, mara nyingi si yake. Hawezi kumtoza dereva kwa kuegesha hapo, wala hawezi kumfukuza kwa madai kwamba ni kiwanja chake.

Aina ya pili ni barabara za wilaya, ambazo tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA. Hizi zinaunganisha vijiji, masoko, shule na vituo vya afya. Alama za barabarani, vizuizi vya uzito na matengenezo yake ni kazi ya wakala huo. Kijiji kikitaka zuio kwenye barabara ya namna hii, kinapeleka maombi kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kata na Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Kikijiwekea chuma au gogo katikati ya njia, kitakuwa kimetenda kosa badala ya kulizuia.

Zilizobaki ni njia za ndani ya vitongoji ambazo hazimo katika mtandao wa TARURA. Malalamiko mengi ya Kamsamba yanahusu njia hizi, na hapa ndipo kijiji kina nguvu kubwa kuliko wananchi wengi wanavyodhani.

Lipo jambo moja ambalo halihitaji kanuni mpya popote. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, inakataza kuacha gari barabarani katika hali inayohatarisha au kuzuia watumiaji wengine. Lori lililozimwa taa gizani, lisilo na pembetatu ya kuakisi mwanga, limevunja sheria hata kama hakuna kibao cha kukataza maegesho. Matawi ya miti ambayo utingo huyatandaza nyuma ya gari ni desturi ya kuonyana, na imeokoa wengi, lakini hayachukui nafasi ya pembetatu. Vivyo hivyo mawe ambayo baadhi ya wakazi huyapanga mbele ya nyumba ili lori lisisimame. Mawe hayo hayana nguvu ya sheria, na usiku hayamwumizi mwenye lori. Humwumiza mwenye pikipiki.

Funzo la Tunduma

Wakazi wa Kamsamba wanaokwenda Tunduma wanalijua tatizo hili katika sura yake kubwa. Mji huo ni lango la mizigo inayotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lori linalosubiri nyaraka za forodha halina pa kwenda. Linakaa kwenye Barabara Kuu ya TANZAM, na foleni inapokuwa ndefu madereva hutafuta nafasi pembeni na mitaani, huku magari madogo yakikimbilia njia za makazi ili kuikwepa foleni hiyo.

Kukataza maegesho peke yake hakukutosha, kwa sababu chanzo hakikuwa mitaani. Chanzo kilikuwa dirishani, pale ambapo gari moja lilikaguliwa mara mbili, upande wa Tanzania kisha upande wa Zambia. Ndiyo maana hatua iliyolenga mzizi ilikuwa Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia. Katika kituo cha namna hiyo maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja na gari husimama mara moja. Foleni hazikwisha kabisa. Mwezi Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa muda kutokana na ugonjwa wa Uviko-19, malori yalirundikana tena, na yameendelea kuonekana kila panapotokea mkwamo. Hata hivyo kila anayeishi Tunduma anaweza kutofautisha siku ambayo mpaka unakwenda vizuri na siku ambayo umekwama, na tofauti hiyo haiamuliwi na kibao cha mtaani.

Kamsamba haina mpaka wa kimataifa, lakini ina dirisha lake. Lori linalolala kitongojini kwa siku nne halikuja kulala. Linasubiri mzigo utimie, mpunga ukobolewe, ufuta upimwe, kibali au malipo ya ushuru wa mazao yakamilike. Kila saa inayopunguzwa katika shughuli hizo ni saa moja ambayo lori halitakuwa mbele ya nyumba ya mtu. Kijiji kinachotaka kupunguza malori kingefanya vyema kuuliza kwanza yanasubiri nini, kabla ya kuuliza yatozwe faini ya kiasi gani.

Ipo tofauti nyingine kati ya Tunduma na Kamsamba, nayo ni ya kisheria. Tunduma ni halmashauri ya mji, inayoongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Mtaa wa mjini una mwenyekiti na kamati, lakini hauna uwezo wa kutunga sheria ndogo. Uwezo huo uko kwa halmashauri ya mji. Kamsamba iko chini ya Sheria ya Mamlaka za Wilaya, Sura ya 287, ambayo inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kupendekeza sheria ndogo zake yenyewe. Kwa suala hili, mkazi wa kijijini ana chombo ambacho mkazi wa mtaani Tunduma hana.

Kati ya kuzuia na kuacha

Mjadala mara nyingi huendeshwa kana kwamba yapo majibu mawili tu. Yapo mengi kati yake.

Kijiji kinaweza kuzuia maegesho ya usiku na kuruhusu upakiaji wa mchana. Kinaweza kuruhusu upande mmoja wa njia, ili gari la wagonjwa lipite upande wa pili. Kinaweza kuweka ukomo wa uzito, ili fuso ndogo ziingie na malori yenye matela yabaki nje, mzigo uyafuate kwa magari madogo. Njia hii ya mwisho ni ghali kwa mkulima, kwa kuwa gharama ya kuhamisha magunia hukatwa kwenye bei anayolipwa, na hilo lisemwe wazi mkutanoni kabla watu hawajanyoosha mikono. Kinaweza pia kukataza maegesho karibu na shule, kituo cha afya na vituo vya kuchotea maji pekee, na kuacha kwingine kama kulivyo.

Magari ya mafuta yanastahili kutazamwa peke yake. Mlipuko wa lori la mafuta Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, uliua watu zaidi ya 100. Haukusababishwa na maegesho. Lori lilipinduka na watu wakakusanyika kuchota petroli. Lakini ulionyesha moto wa aina hiyo unafanya nini pale ambapo watu wako karibu. Lori la mpunga likilala kitongojini ni kero. La petroli likilala hapo, jirani na jiko la mkaa la mama lishe, si jambo la kujadiliana kwa masharti.

Nchi nyingine zimelitafutia suala hili majibu tofauti kabisa. Japani, kwa sheria ya mwaka 1962, ilimtaka anayetaka kumiliki gari athibitishe kwanza kwamba ana mahali pa kuliegesha nje ya barabara. Huko Arlington, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, wakazi walichoshwa na magari ya watu wa mbali waliokuwa wakifanya kazi maofisini jirani. Halmashauri ikaamua kwamba mchana wa siku za kazi ni wakazi na wageni wao tu watakaoegesha. Waliokatazwa walikwenda mahakamani wakidai wamebaguliwa. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema halmashauri ilikuwa na haki, kwa kuwa lengo lake, yaani kupunguza kelele, moshi na msongamano kwenye makazi, lilikuwa halali. Kamsamba si Arlington, na lori la mnunuzi wa mpunga si gari la karani. Linalofanana ni swali la msingi: anayefaidika na gari kusimama mahali fulani ndiye pia anayebeba usumbufu wake?

Mapendekezo yote ya kuzuia hugota mahali pamoja. Malori yaende wapi? Zuio lisilo na eneo mbadala huyahamishia kitongoji cha jirani, na mjadala huanza upya na watu wengine. Eneo la maegesho halihitaji kuwa la kifahari, lakini uwanja mtupu hautoshi. Dereva na utingo wake hawatauacha mzigo wa thamani mahali pasipo na taa na mlinzi. Wanahitaji choo na maji ya kunawa. Hili la choo huonewa aibu mikutanoni, ilhali ni miongoni mwa kero kubwa za wakazi, na mahali ambapo kipindupindu ni tishio si suala la adabu pekee. Uwanja uwe pia na nafasi ya mama lishe na wabeba mizigo kufanya kazi, kwani kipato chao kikihamia huko, upinzani wao nao utapungua.

Kama eneo hilo litakuwa na ada, ada hiyo lazima itokane na sheria ndogo iliyoidhinishwa, na kila malipo yatolewe risiti ya mashine ya POS. Mtu anayekusanya fedha za maegesho bila risiti hakusanyi kwa niaba ya kijiji wala Halmashauri.

Njia ya kufikia uamuzi

Mwananchi yeyote anaweza kulileta suala kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, ambaye hulifikisha kwenye Halmashauri ya Kijiji. Halmashauri hiyo, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ndiyo inayoandaa rasimu ya sheria ndogo. Rasimu hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu na ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria na kupiga kura. Mpangaji ana kura sawa na mwenye nyumba. Mama lishe anayeishi kijijini ana kura sawa na mwenye ghala. Dereva anayepita hana kura, ingawa mkutano wenye busara humwita amweleze anachosubiri.

Rasimu ikikubaliwa na mkutano, muhtasari wenye mahudhurio na saini hupitia katani na kufikishwa kwa Halmashauri ya Wilaya ya Momba ili iidhinishwe. Bila idhini hiyo haina nguvu, na faini yoyote itakayotozwa kabla yake ni batili. Katika hatua hii Mwanasheria wa Halmashauri huangalia mambo machache yanayokwamisha rasimu nyingi: kama njia zilizotajwa kweli ni za kijiji na si za TARURA au TANROADS; kama adhabu iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa; na kama maneno yanaeleweka. Rasimu inayosema "malori makubwa yamekatazwa" itarudishwa. Makubwa kuanzia tani ngapi? Saa ngapi mpaka saa ngapi? Kutoka njia panda ipi mpaka ipi?

Endapo vijiji kadhaa vya kata vinataka utaratibu mmoja, upo uwezekano wa sheria ndogo ya Halmashauri ya Wilaya nzima. Njia hiyo ni ndefu zaidi. Wananchi hutangaziwa kusudio na kupewa muda wa kuwasilisha maoni au mapingamizi, Baraza la Madiwani hupitisha, kisha Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha na sheria kuchapishwa katika Gazeti la Serikali.

Kwa hesabu ya mikutano ya kila robo mwaka, sheria ndogo ya kijiji inayotakiwa kutumika wakati wa mavuno yanayoanza Mei inapaswa kuwa imejadiliwa kabla ya mwaka kwisha. Kuijadili Juni, malori yakiwa yamekwishajaa, ni kuitungia msimu utakaofuata. Masuala ya mipaka ya hifadhi ya barabara ya Mlowo hadi Kamsamba yaulizwe kwa Meneja wa TANROADS Mkoa wa Songwe. Orodha ya barabara zilizo chini ya TARURA ipo kwa Meneja wa wakala huo wilayani, na Mtendaji wa Kijiji anaweza kuiomba kwa barua.